Vibanio 168: shajara ya njia ya siku sita msituni

Siku ya 1

Leo tumeizunguka njia yote bila kuweka hata alama moja. Kazi iliyo mbele yetu ni hii: watu wapatao 70, wakiwemo watoto na wazee, watatembea msituni kwa siku mbili katika mzunguko wa kilomita 3.6. Sehemu kubwa ya mzunguko huo haina kijia kinachoonekana. Njia yetu itakuwepo siku sita tu, kuanzia kuweka alama hadi kuziondoa. Kibali tunacho, na wenye msitu wametupa sharti moja: tukiondoka, pabaki kama tulivyopakuta.

Sharti hilo nililiona jepesi mpaka tulipoteremka kwenye bonde la kijito. Pale pana mti mmoja wenye mfinyo kifuani, kama mtu aliyekazwa mkanda kupita kiasi, na juu ya mfinyo shina limevimba. Nilipopapasa nilikuta kamba ya nailoni. Imepauka kabisa. Fundo na ncha zake mbili bado ziko nje, lakini nusu ya mzunguko wake imeshamezwa na gome. Kuna mtu aliifunga pale, pengine kuwaonyesha wenzake njia kama tunavyotaka kufanya sisi, halafu hakurudi.

Mti hurefuka kutoka nchani mwake, si kutoka chini. Kitu kilichofungwa usawa wa bega la mtu hubaki usawa huo maisha yote ya mti. Unene ndio unaobadilika. Kila msimu kambiamu, lile tabaka jembamba la seli hai lililo chini ya gome, huongeza mbao kwa ndani na gome kwa nje. Shina hupanuka, kamba haipanuki. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini ikipita kwenye gome la ndani, na kamba inapolibana gome hilo pande zote mizizi hunyimwa chakula polepole. Uvimbe ule wa juu ya kamba ndio ushahidi: chakula kinateremka, kinakwama pale.

Nimeandika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza: hakuna alama itakayowekwa ambayo haina namba, na hakuna namba itakayofungwa bila mtu aliyepewa jukumu la kuifuata.

Siku ya 3

Tumekaa kuchagua vifaa. Mwenzetu mmoja alikuja na misumari midogo na vipande vya bati vilivyopakwa rangi. Hoja yake ilikuwa kwamba msumari wa sentimita mbili hauwezi kuuumiza mti mkubwa. Tulibishana kwa muda mrefu na ninashukuru tulibishana, kwa sababu wengi wetu tulikuwa na imani kwamba mti huponya kidonda kama ngozi yetu inavyopona.

Hauponyi. Mtafiti wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua miti kwa maelfu kwa msumeno wa injini ili kuona ndani kuna nini nyuma ya vidonda vya zamani. Mwaka 1977 alitoa, pamoja na mwenzake, maelezo ambayo watu wa miti wanayatumia mpaka leo: mti hulizungushia jeraha kuta za kemikali na seli, ukalifungia ndani, kisha ukaendelea kukua kwa nje. Seli zilizojeruhiwa hazirudishwi. Zinabaki mle ndani, pamoja na kuvu au bakteria waliowahi kuingia. Msumari mmoja hauui mti mzima wenye afya, hilo ni kweli, lakini ni mlango, na tulikuwa tunazungumzia misumari zaidi ya mia. Isitoshe, msumari uliomezwa na mbao humngoja mtu atakayekuja miaka 30 baadaye na msumeno wa mnyororo. Meno yakigonga chuma, mnyororo unaweza kukatika na kumrukia. Pini za stepla nazo tulizikataa kwa sababu hizo hizo.

Rangi ya kupaka haikuchukua muda. Haiondoki, na magome mengi ya msitu huu yamejaa kuvumwani, ule muungano wa kuvu na mwani unaoonekana kama madoa ya kijivu na kijani. Aina nyingine za kuvumwani hazikui hata milimita moja kwa mwaka. Doa la ukubwa wa kiganja linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mimi.

Kurundika mawe tumekataa pia. Chini ya kila jiwe msituni kuna unyevu, na kwenye unyevu huo kuna wakazi. Unga tumekataa kwa sababu wanyama watauramba na mvua moja itaufuta.

Kilichobaki mezani ni utepe na vibanio vya nguo.

Siku ya 4

Kuhusu utepe nataka niandike kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipobadilisha mawazo.

Nilikuja nikiwa nimeshaamua kwamba tutumie utepe unaooza wenyewe, ule unaotengenezwa kwa nyuzi za mimea. Ulionekana jibu safi. Lakini utepe huo hauozi kwa siku sita. Hudumu miezi kadhaa, mahali pengine mwaka au zaidi, kwa kuwa umetengenezwa ili alama isipotee kabla ya kazi kwisha. Katika muda huo wote unaning'inia pale na kumpeleka mpita njia mahali ambapo hapana njia tena. Tena jina lake linalegeza mkono: ukijua kitu kitaoza, hurudi kukifuata. Utepe wa plastiki wa wapima ardhi una ubaya mwingine. Jua huukausha, ukapasuka vipande vidogo ambavyo hakuna anayeweza kuviokota, na wanyama huutafuna.

Tumeamua kutumia kitambaa imara, vipande vya upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 30, kila kimoja kikiwa kimeshonwa kwenye kibanio cha nguo cha mbao. Hakuna fundo. Kibanio kinabana kitawi cha kichaka, mkono mmoja unakiweka, mkono huo huo unakitoa. Mwakani vinatumika tena.

Rangi imetufundisha. Tulining'iniza vipande vya rangi tano kwenye vichaka tukarudi nyuma hatua 40. Mchana nyekundu na chungwa ziliwaka kama moto kwangu. Mwenzetu mwenye upofu wa rangi nyekundu na kijani akavikosa vyote viwili. Kwake vilizama ndani ya majani. Si jambo adimu: miongoni mwa wenye asili ya Ulaya kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana hali hiyo, na kwa wanawake ni takriban 1 kati ya 200. Tukangoja jua lizame. Kadiri giza lilivyoingia, ile nyekundu yangu iliyokuwa ikiwaka ikageuka karibu nyeusi, huku buluu ikibaki inang'aa. Mwanasayansi wa Bohemia, Jan Evangelista Purkyně, aliliona jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19: macho yetu yanapohamia kwenye seli za kuonea gizani, nyekundu hufifia mapema na buluu husalia. Ndani ya msitu mnene, saa kumi alasiri tayari ni kama magharibi.

Basi buluu, na kando yake ukanda mweupe, ili hata asiyetofautisha rangi aone mpaka kati ya giza na mwanga. Nyuma ya kila kibanio tumebandika kipande kidogo cha utepe unaoakisi mwanga. Utepe huo huurudisha mwanga kule ulikotoka, kwa hiyo tochi ya kuvaa kichwani ndiyo inayofaa, iko karibu na macho. Mwenye kushika tochi kiunoni ataona hafifu.

Siku ya 7

Namba zimeandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, 1 hadi 168, pande zote mbili za kibanio.

Hesabu imetoka hivi. Kilomita 1.1 ya mwanzo ni wazi, alama moja kila mita 40 zinatosha, kwa hiyo 28. Kilomita 2.5 zilizobaki ni msitu mnene, tukapima mita 22 kwa wastani, alama 114. Kona na njia panda 13, kila moja imeongezewa jozi, 26. Wastani lakini ni wa kununulia vibanio tu. Kanuni ya kuwekea ni moja: ukisimama kwenye alama, lazima uione inayofuata. Kama huioni, umbali haujalishi, hata zikiwa mita nane.

Siku ya 9

Jaribio la mita 600 za mwanzo wa msitu mnene. Tulimwomba dada mmoja ambaye hajawahi kufika hapa apite peke yake, nami nikamfuata mita 50 nyuma bila kusema neno. Niliandika kila mahali aliposimama.

Alisimama mara saba. Mara mbili alikuwa anapumua, hizo si makosa yetu. Mara moja alama ilikuwa mbele yake kabisa lakini jua lilikuwa nyuma ya alama, na buluu yote ikawa kivuli. Tumeihamishia upande wa pili wa kichaka, ambako mwanga unaipiga usoni. Mara mbili ilikuwa ni baada ya njia panda: alama mbili za kuonya kona alizifuata vizuri, akageuka, halafu hapakuwa na kitu cha kumthibitishia kwamba amegeukia kunakotakiwa. Alisimama pale kama dakika moja akiangalia huku na huku. Nilimhurumia, na nilijua kosa ni langu. Mtu akishageuka anahitaji kuambiwa mapema kwamba yuko sahihi, ndani ya hatua 10 au 15. Sasa jozi haikai yote kwenye kona: moja inatangulia kona, nyingine inaikaribisha upande wa pili.

Mara mbili zilizobaki zilikuwa wakati wa kurudi. Tulikuwa tumeweka alama kwa macho ya mtu anayekwenda, tukasahau kwamba aliyechoka, aliyeteguka au mama mwenye mtoto anayelia atageuza njiani. Kuanzia leo kila alama inakaguliwa kutoka pande mbili.

Mchana mtoto wa miaka tisa wa mwenzetu alipita naye. Majani ya vichaka yalimficha alama tatu ambazo mimi nilikuwa naziona bila shida. Tumezishusha hadi usawa wa kifua changu, na zote nyingine zitawekwa hivyo.

Siku ya 10

Mvua usiku kucha. Sikuweka alama, nilikwenda kuangalia ardhi.

Kitu ambacho sikukizingatia mwanzoni: alama ndiyo inayoamua watu 70 watakanyaga wapi. Ukiibana kwenye kichaka kilichoegemea mti mkubwa, umewaita watu 70 waje kusimama juu ya mizizi ya mti huo, siku mbili mfululizo. Sehemu kubwa ya mizizi ya miti iko kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na ile myembamba inayonyonya maji na madini iko juu zaidi ya hapo, ikienea mbali kupita kivuli cha matawi. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, matundu ya hewa yanazibika, na mizizi inahitaji hewa. Kidonda cha namna hiyo hakionekani kwenye gome.

Kwa hiyo nimeisogeza njia mahali sita. Mahali pamoja inazunguka kwa mita 30 zaidi ili ipite juu ya mwamba badala ya tope la chini ya miti mitatu mikubwa. Nimependa mzunguko huo kuliko njia ya awali.

Siku ya 12

Kuweka. Watu wanne, kwa muda wa saa tano na nusu. Vibanio 153 vimepata vitawi vya kubana: vitawi vikavu tumeviepuka kwa kuwa vinakatika, na vichanga vyenye ngozi laini pia tumeviepuka, kwa sababu springi ya kibanio inavikwaruza. Kinachofaa ni kitawi hai kilichokomaa, unene wa penseli, mbali na chipukizi la nchani. Kabla ya kubana tunaangalia kama kuna kiota au mstari wa siafu.

Mahali 11 hapakuwa na kichaka, tumeweka vigingi vya mwanzi mkavu. Havipigwi nyundo. Unasukuma kwa mkono, ukikutana na ugumu ni mzizi au jiwe, unachomoa na kujaribu pembeni. Mahali panne palikuwa na mashina matupu tu. Pale tumezungusha kitambaa kipana cha pamba, kimelegea kiasi cha kupitisha vidole vinne, kikafungwa kwa fundo la kitanzi linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, kibanio kikaning'inia juu yake. Hivyo vinne nimevipigia mstari mwekundu daftarini, viondolewe vya kwanza.

Kila namba ina maelezo yake: upande gani, kichaka gani, kuna nini karibu. Simu pia imerekodi mahali pa kila alama, lakini siitegemei. Chini ya anga wazi simu hukosea kama mita tano, na chini ya mwavuli wa majani hukosea zaidi ya hapo. Inakufikisha jirani, jicho na maelezo ndiyo yanayokufikisha penyewe.

Tulimaliza jua likizama. Za mwisho nimeziweka haraka haraka.

Siku ya 15 na 16

Matembezi. Hakuna aliyepotea. Mzee mmoja mwenye fimbo aliniambia alikuwa akihesabu alama kwa sauti ili kujipa moyo, na kwamba alipofika mia alijua atamaliza. Sikuwahi kufikiria namba zile kama kitu cha mtembeaji. Zilikuwa za kwetu, za kurudishia. Nimefurahi sana kwamba zilimsaidia.

Siku ya 17

Kuondoa. Wawili tumetangulia, mmoja kila upande, na wa tatu nyuma akiwa na daftari akipiga vema kila namba. Vitambaa vinne vya mashina vimetoka vya kwanza, gome chini yake halina hata mkwaruzo. Vigingi vyote 11 vimetoka, mashimo tumeyaziba kwa kidole cha mguu na majani makavu juu yake.

Saa kumi na moja jioni tumehesabu: 165.

Hazipo 41, 42 na 117.

Siku ya 19

Namba 41 na 42 zimerudi zenyewe. Mtoto mmoja alizichukua akidhani zimeanguka, mama yake akazikuta kwenye mfuko wa sweta na kutupigia simu asubuhi. Nimemshukuru kwa dhati. Angeweza kuzianikia nguo na yasitokee ya kutokea.

117 haipo. Maelezo yangu yanasema: "kushoto, baada ya gogo lililolala, kabla ya mteremko." Ni ile sehemu ya jioni. Nimezunguka gogo lile mara nne, nimepekua vichaka vyote kwa hatua 20 kila upande.

Wakati wa kurudi nilipita na mlinzi wa msitu kwenye mti wa kamba. Tulikuwa tumeomba ruhusa ya kuiondoa, nami nilikuwa na kisu tayari na hamu ya kuing'oa yote. Nilishika ncha nikaanza kuvuta.

"Usivute, mwanangu," akasema. "Ile iliyomo ndani umeshachelewa nayo. Ukiivuta unachana gome jipya ili kutoa uzi wa zamani. Kata iliyo nje."

"Sawa, mzee."

Tumekata fundo, kisha tukakata kamba kila ilipozama kwenye gome, pande zote mbili. Mzunguko umevunjika. Vipande vilivyomo vitabaki mle, mti utavifunika kabisa na kukua juu yake. Vilivyokuwa nje nimevitia mfukoni, urefu wa kiganja na nusu.

Siku ya 26

Nimerudi peke yangu kutafuta 117. Safari hii sikutazama vichaka. Nilipiga magoti nyuma ya gogo nikaanza kufunua majani makavu kwa mkono, kidogo kidogo, nikiyarudisha kila ninapomaliza. Baada ya kama nusu saa niliuona ukanda mweupe, umeingia udongo, mita tatu chini ya pale nilipopaandika.

Kibanio kilikuwa bado kimebana kitawi chake. Kitawi chenyewe kilikuwa kikavu, kimeoza ndani, kimekatikia kwenye shina. Jioni ile ya siku ya 12 mkono wangu ulikibana bila kukikagua, na mvua ikavishusha vyote viwili pamoja.

Nimekifungua kibanio, kitawi nimekiacha palepale. Daftari: 117, kimerudi. Jumla 168.